Nimepanga kompyuta zijizime saa mbili usiku, zimemeza TFC (kazi ya kumaliza masomo) ya mteja. Naomba msaada

Bureau_Kasapa (Lubumbashi)

Habari zenu wakubwa. Nina sekreteria ndogo upande wa Kasapa: kupiga chapa, fotokopi, kufunga vitabu vya wanafunzi. Mashine nne za mezani, printa mbili. Umeme ukiwepo tunatumia umeme. Ukikatika tunategemea betri mbili za volti 12, Ah 200 kila moja, na ondilere (ile wenzetu wa Dar wanaita inveta).

Shida yangu ilianza na kijana wangu wa kazi. Ni kijana mzuri, ila akisikia njaa anafunga mlango na kuacha mashine zote zinawaka. Nilinunua kile kipimo kidogo cha kuchomeka ukutani, nikakuta mashine moja iliyotulia, skrini imezimika, inakula wati 48. Zidisha kwa nne, zidisha kwa saa 11 za usiku: Wh 2112. Betri zangu zote mbili zikijaa zina Wh 4800, na fundi aliyeziweka aliniapisha nisishuke chini ya nusu. Kwa hiyo umeme ukikatika jioni, asubuhi ninafungua duka betri zimekwisha kabla hata ya ukurasa wa kwanza.

Nikaingia kwenye Planificateur de tâches (sehemu ya Windows ya kupangia kazi kwa saa), nikaweka kwa kila mashine: kila siku 20:00, programu `shutdown`, na pembeni yake `/s /t 300`, yaani zima baada ya sekunde 300. Wiki mbili nililala kama mtoto.

Jumatano akaja dada mmoja na TFC yake, anaiweka mezani kwa mwalimu Alhamisi asubuhi. Nikamwambia kijana abaki naye hadi saa tatu. Mimi nikarudi nyumbani, nikasahau kabisa ile saa mbili. Saa mbili kamili ujumbe ukatokea kwenye skrini kwamba mashine itazimika. Kijana akabonyeza kuufunga, ukaondoka, wakaendelea na sura ya pili. Dakika tano baadaye, pu! Skrini nyeusi. Word haikuuliza "unataka kuhifadhi?" wala nini. Walikuwa wameandika kurasa kumi na moja, Word ikarudisha saba. Dada alilia pale pale dukani, na mimi nikarudi usiku kupiga kurasa nne mwenyewe bila malipo.

Naomba kujua: kwa nini Word haikuuliza? Ujumbe ukitokea, mtu anaghairi vipi? Na kama kuna njia yenye akili zaidi kuliko hii yangu, nisaidieni.

---

fundi_ruashi (Lubumbashi)

Pole sana mkubwa. Hilo limeliza wengi.

Kwanza, kufunga ule ujumbe ni kufunga mdomo wa saa ya kengele huku mishale inazunguka. Hesabu inaendelea chini kwa chini. Kinachoghairi ni amri hii tu:

`shutdown /a`

Hiyo `a` ni ya kukatiza. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, iandike hapo, Enter. Sekunde mbili umemaliza. Utaona kijumbe kwamba kuzimika kumeghairiwa.

Pili, Word. Hapa ndipo wengi hawajui. Kuna herufi `/f`, maana yake funga programu zote kwa nguvu bila kuuliza mtu. Wewe hukuiandika, najua. Lakini Windows ina kanuni yake: ukiweka `/t` kubwa kuliko sifuri, `/f` inaingia yenyewe. Wewe uliweka 300, kwa hiyo umeamuru kwa nguvu bila kujua.

Na usiandike kwa kunakili kutoka WhatsApp. Simu inapenda kugeuza kile kistari kifupi kuwa kirefu, halafu amri inakataa na mtu analaumu Windows. Kwa kibodi zetu za AZERTY (za Kifaransa), ule mkwaju `/` ni Shift na kitufe cha nukta mbili. Ukichoka kuutafuta, weka kistari: `shutdown -a` inakubalika vilevile, na kistari kiko kwenye kitufe cha 6 bila Shift.

---

Kiboko_Katuba (Lubumbashi)

Weee! Miye ilinifikaka zaidi ya hiyo. Mashini yangu ilikuwa inazimika kila siku midi (mchana kati). Kila siku! Niko nakula, mashini iko nazimika. Nikasema hii njo virusi. Nikaita fundi mmoja, akafuta vyote, akaweka Windows mpya, akakula franka zangu. Siku tatu bila shida. Nikaipanga tena ijizime jioni, kesho yake midi ikazimika!

Sasa musikie. Nilikuwa nimeuliza shemeji yangu wa Kigoma, yeye njo alinionyesha namna ya kupanga. Akaniandikia: "iweke saa kumi na mbili, utakuwa umefunga kazi." Miye nahesabu saa kama vile simu inaonyesha. Saa kumi na mbili, nikaandika 12:00. Kumbe shemeji yeye anasema saa kumi na mbili ya jioni, 18:00!

Tulicheka wiki nzima. Ila franka za fundi hazikurudi.

---

Mzee_wa_Amri (Morogoro)

Kiboko, shemeji yako hana kosa hata kidogo, saa ya Kiswahili ndiyo hiyo. Ila kwenye kompyuta andikeni kwa mfumo wa saa 24 kila wakati, yaishe.

Bureau_Kasapa, nataka nikutenganishie mambo mawili ambayo watu huyachanganya, maana ukiyachanganya utaghairi leo na kesho itazimika tena.

Kuna hesabu, na kuna ratiba. Hesabu ni ile sekunde 300 inayokimbia sasa hivi. Inaishi kwenye kumbukumbu ya mashine tu. Umeme ukikatika au ukiwasha upya, imekufa, haina kaburi. `shutdown /a` inaua hesabu. Ratiba ni ile uliyoandika kwenye Planificateur. Hiyo iko kwenye diski, na `shutdown /a` haiigusi. Kesho 20:00 itaanzisha hesabu nyingine. Ukitaka kuisimamisha kwa siku kadhaa, ingia humo, bonyeza kulia juu yake, chagua Désactiver. Ukitaka isirudi kamwe, Supprimer.

Na kinyume chake pia ni kweli, hapa wengi wanaanguka: ukifuta ratiba saa 20:02, hesabu iliyoanza saa 20:00 bado inakimbia. Ratiba imekwisha kazi yake, imeshakabidhi. Lazima `shutdown /a`.

Kuna namba mbili za makosa mtakutana nazo. Ukipata 1116, maana yake umeghairi wakati hakuna hesabu yoyote inayokimbia. Si kosa la kutisha, umewahi tu au umechelewa. Ukipata 1190, umepanga juu ya mpango mwingine: tayari kuna hesabu. Huwezi kuirefusha kwa kuandika amri mpya juu yake. Ghairi kwanza, panga upya.

---

NyotaBukavu (Bukavu)

Hiyo 1190 imenitesa usiku mwingi bila kujua ni nini! Mimi napakua vitu usiku kwa sababu mega za usiku ni nafuu. Naanzisha upakuaji, naandika `shutdown /s /t 7200`, nalala. Siku nyingine naona saa mbili hazitatosha, naandika 10800, inakataa. Nilikuwa nazima na kuwasha upya, upakuaji nao unaanza mwanzo. Kumbe ni `/a` tu.

Kuna kikomo cha hizo sekunde?

---

fundi_ruashi (Lubumbashi)

315360000. Gawanya utaona ni miaka kumi. Sijui ni nani aliyekaa ofisini akaona kuna mtu atataka kompyuta yake ijizime baada ya miaka kumi. Usipoweka `/t` kabisa, ni sekunde 30.

---

Bureau_Kasapa (Lubumbashi)

Asanteni sana. Nimefanya kazi asubuhi hii na nimeharibu tena, ila safari hii mnicheke tu.

Nilitaka kijana asihangaike kukumbuka amri. Nikafungua Bloc-notes, nikaandika mstari mmoja `shutdown /a`, nikahifadhi juu ya bureau ya Windows (ile skrini ya mwanzo) kama faili la kubonyeza mara mbili. Jina? Nikaona liwe wazi: shutdown.bat.

Nikabonyeza. Dirisha jeusi likafunguka, likaanza kuandika `shutdown /a`, `shutdown /a`, `shutdown /a`, mstari juu ya mstari, linateremka kama mvua ya Januari. Feni ya mashine ikaanza kupiga kelele. Mteja aliyekuwa anangoja fotokopi akaniuliza, "Papa, ni virusi?" Nikafunga dirisha kwa mkono unaotetemeka.

Nini hiki tena?

---

Mzee_wa_Amri (Morogoro)

Ha ha ha! Karibu kwenye chama. Hakuna fundi ambaye hajafanya hilo.

Ukiandika `shutdown` bila kusema iko wapi, Windows inaanza kutafuta hapo hapo ulipo, kabla ya kwenda kwenye folda zake. Na hapo ulipo kuna nini? Faili lako lenye jina hilo hilo. Kwa hiyo faili linajiita lenyewe, likijiita linajiita tena. Ile shutdown ya kweli, iliyomo kwenye System32, haikufikiwa hata mara moja.

Badili jina tu. Liite GHAIRI.bat. Au ukitaka ubaki na jina lako, andika njia yote ndani: `C:\Windows\System32\shutdown.exe /a`. Ila kwa nini ujitese.

---

Bureau_Kasapa (Lubumbashi)

Nimeita GHAIRI. Inafanya kazi. Nimeongeza dakika pia, sasa ni `/t 600`, na nimeweka maneno yangu kwa `/c`:

`/s /t 600 /c "Mashine itazimika baada ya dakika 10. Kama kuna mteja, bonyeza GHAIRI sasa."`

Ujumbe unatoka kwa Kiswahili kabisa. Kijana ameufurahia kuliko mshahara.

Lakini bado moyo hautulii. Kijana akiwa nje anaongea na simu, mteja hajui GHAIRI ni nini, tunarudi pale pale. Hakuna namna ya kufanya Word iulize?

---

fundi_ruashi (Lubumbashi)

Ipo. Tumia `/t 0`. Ukiweka sifuri, ile `/f` ya kujipachika haiingii. Windows inaziomba programu zifunge kwa adabu. Word yenye kazi isiyohifadhiwa inagoma, na mashine inabaki inawaka hadi mtu aje aamue. Muda wenyewe unaushika Planificateur, huhitaji `/t` kubwa.

---

Mzee_wa_Amri (Morogoro)

Nakupinga, fundi. Kwake yeye hiyo ni sawa na kutokupanga chochote. Soma tena mwanzo wa uzi: shida ni betri. Kijana anaondoka, ameacha Word wazi na barua ya mtu haijahifadhiwa, saa mbili inafika, Word inagoma, mashine inawaka hadi asubuhi. Wati 48 zile zile. Kazi haikupotea lakini betri zimekwisha, na umeme usipokuwepo asubuhi duka limefungwa.

---

fundi_ruashi (Lubumbashi)

Mzee, betri inajazwa tena kwa siku moja. TFC ya mtu hairudi. Mimi nikichagua, nachagua betri ife.

---

Mzee_wa_Amri (Morogoro)

Wewe ndiye unayeuza betri, ndiyo maana.

---

NyotaBukavu (Bukavu)

Mafundi msigombane, wote mnasahau `/h`.

Mimi laptopu yangu naipeleka kwenye veille prolongée, ule usingizi mrefu. `shutdown /h`. Inachukua kila kilicho wazi, Word, kurasa za intaneti, hata ile kazi ambayo hujahifadhi, inaandika yote kwenye diski ndani ya faili linaloitwa hiberfil.sys, kisha inazimika kabisa. Betri hailiwi. Kesho ukiwasha, kila kitu kiko pale pale ulipokiacha.

Kwa mashine nyingi za mezani inakuwa imefungwa. Fungua Invite de commandes (dirisha jeusi la amri) kama msimamizi, andika `powercfg /h on`. Uwe na nafasi kwenye diski, lile faili linaweza kula kama asilimia 40 ya RAM. Mwenye RAM ya GB 8 aache GB 3 na kitu.

Kuna kasoro moja: `/h` haikubali `/t`. Ukizichanganya inakupa maelezo ya matumizi tu na haifanyi kitu. Kwa hiyo ukiiweka kwenye ratiba inalala papo hapo bila onyo.

Na kwa wenye laptopu: kwenye ratiba, upande wa Conditions, kuna alama imewekwa tayari inayosema kazi ianze tu kama mashine iko kwenye umeme wa ukutani. Itoeni. Mimi nilikaa mwezi nikijiuliza kwa nini ratiba yangu inafanya kazi siku za umeme na kunisaliti siku za giza, yaani siku zile zile ninazoihitaji.

---

fundi_ruashi (Lubumbashi)

Dada Nyota, umetuaibisha. Usingizi mrefu ndio jibu lake.

Onyo tunalitengeneza wenyewe. Mkubwa, andika faili hili, uliite LALA.bat (tafadhali, si shutdown.bat):

`@echo off`
`title FUNGA DIRISHA HILI KAMA BADO UNAFANYA KAZI`
`echo Mashine italala baada ya dakika 10.`
`timeout /t 600`
`shutdown /h`

Ratiba iite faili hili badala ya shutdown. Dirisha linatokea na sekunde zinaonekana zikishuka. Mwenye kazi analifunga kwa ule msalaba wa kona, basi, imeghairiwa hadi kesho. Hakuna amri ya kukumbuka. Iache kwenye chaguo la kufanya kazi pale mtumiaji akiwa ameingia tu, la sivyo dirisha halitaonekana na `timeout` italalamika.

---

mtu_wa_linux (Goma)

Napita tu. Kwa wenye Linux, na sisi hatuko salama sana: kuzima kwake nako hakumuulizi mtu kama amehifadhi. Ila kupanga na kughairi ni kwepesi.

`sudo shutdown 20:00` inapanga kwa saa ya ukutani. Kama 20:00 imeshapita, inachukua ya kesho. `sudo shutdown +30` ni dakika, si sekunde, msichanganye na Windows: aliyezoea Windows anaandika +600 akifikiri ni dakika kumi, anapata saa kumi nzima. `sudo shutdown -c` inaghairi. Ukiandika `shutdown` tupu, una dakika moja tu. Zikibaki dakika tano, mashine inakataa watu wapya kuingia, waliomo ndani wanaendelea.

Kwa Mac ni `sudo shutdown -h +30`, lakini haina `-c`. Unaiua kwa `sudo killall shutdown`. Wenye kutafuta ile sehemu ya ratiba kwenye mipangilio, tangu toleo la Ventura la 2022 imeondolewa. Imebaki `pmset repeat` kwa kuandika, na `pmset repeat cancel` ya kufuta.

Kitu ninachokipenda zaidi ni hiki. Hapa ofisini kwetu UPS (betri ya akiba ya mashine) ina waya wa USB, na tuna programu inaitwa NUT. Tumeiambia mambo mawili tu:

`AT ONBATT * START-TIMER giza 300`
`AT ONLINE * CANCEL-TIMER giza`

Umeme ukikatika, hesabu ya sekunde 300 inaanza. Ukirudi kabla hazijaisha, hesabu inajighairi yenyewe, hakuna mtu aliyegusa kitu. Zikiisha, seva inajizima vizuri kabla UPS haijafa. Umeme wa kwetu unaweza kwenda na kurudi mara tatu katika lisaa, bila hiyo ya pili tungekuwa tunazima na kuwasha seva kutwa.

---

Bureau_Kasapa (Lubumbashi)

Nimeweka LALA kwenye mashine zote nne. Ripoti ya usiku wa kwanza:

Mashine ya kwanza na ya pili zimelala vizuri.

Ya tatu, kijana alikuwa anaandika barua ya mteja. Dirisha likatokea, yeye hakuinua macho, vidole vinaendelea kupiga. Mashine ikalala palepale, haikungoja hata dakika moja. Hakuna kilichopotea, tumeiwasha na barua ilikuwepo, lakini mbona haikungoja dakika kumi?

Ya nne haikulala saa mbili. Ililala saa tatu.

---

fundi_ruashi (Lubumbashi)

Ya tatu ni kosa langu, naomba msamaha. `timeout` ina tabia hiyo: mtu akibonyeza kitufe chochote inaona amechoka kungoja, inaruka hesabu na kwenda mstari unaofuata. Mstari unaofuata ni kulala. Dirisha lilipotokea lilikuja mbele, herufi za barua zikaingia humo. Badilisha hivi:

`timeout /t 600 /nobreak`

Sasa haisikii kitufe chochote isipokuwa Ctrl na C. Hata hapo angalia: ukibonyeza Ctrl+C itakuuliza O au N kama unataka kukomesha faili. Akijibu N, haikomeshi, inaendelea mstari unaofuata, mashine inalala tena. Mfundishe kijana msalaba wa kona tu.

Ya nne ilitoka wapi?

---

Bureau_Kasapa (Lubumbashi)

Ilinunuliwa Kinshasa, shemeji alinitumia kwa ndege. Kwa nini?

Halafu sasa ninavyoandika, nakumbuka kijana analalamika kila siku kwamba saa ya mashine hiyo inarudi nyuma. Anaisogeza mbele kwa mkono, tukifungua intaneti inarudi tena. Tulifikiri ni ile betri ndogo ya ndani.

---

fundi_ruashi (Lubumbashi)

Betri ndogo, ile CR2032, ikifa saa inarudi miaka, si lisaa limoja. Lisaa limoja kamili ni Kinshasa. Wao wako UTC+1, sisi huku Lubumbashi pamoja na ndugu zetu wa Kivu tuko UTC+2. Nchi moja, saa mbili tofauti. Mashine yako bado inajiona iko Kinshasa: kila ikipata intaneti inaomba saa sahihi, inapewa, inaihesabu kwa Kinshasa. Kijana anaisahihisha, intaneti inamsahihisha kijana.

Andika `tzutil /g` uone mashine inafuata saa ya wapi. Nabahatisha itajibu W. Central Africa Standard Time. Kisha:

`tzutil /s "South Africa Standard Time"`

Usishangae jina la Afrika Kusini, kwenye Windows saa yetu iko kwenye kapu moja na Pretoria na Harare.

---

Mzee_wa_Amri (Morogoro)

Nyongeza, maana kuna atakayekuja baadaye na mashine inayozimika bila yeye kupanga. Kabla ya kulipa fundi kama Kiboko, fungua Observateur d'événements, Journaux Windows, Système, tafuta namba 1074. Hapo Windows inaandika ni programu gani na mtumiaji gani aliyeamuru kuzima, na saa ngapi. Ukiona shutdown.exe na jina lako mwenyewe, tafuta ratiba uliyoisahau. Ukiona 41 au 6008 bila 1074, hakuna aliyeamuru: umeme umekatika, au mashine imepata joto ikajifia.

---

Kiboko_Katuba (Lubumbashi)

Sasa njo munaniambia, nimeshalipa!

---

Bureau_Kasapa (Lubumbashi)

Wakubwa, siku ya tano leo.

`tzutil` ilijibu kama fundi alivyosema. Nimebadilisha, na mashine ya nne imelala saa mbili pamoja na wenzake, siku tatu mfululizo.

Jana umeme ulikatika saa moja na nusu jioni. Asubuhi nimekuta betri ziko juu ya nusu kwa mara ya kwanza tangu msimu huu wa mvua uanze. Ondilere yenyewe nayo inakula kidogo hata ikiwa haina kazi, hiyo nitaizima kwa kitufe chake, sitaki kuipangia ratiba.

Na yule dada wa TFC amerudi na masahihisho ya mwalimu. Jana alifanya kazi hadi saa mbili, mamake akapiga simu, akaondoka mbio bila kuhifadhi. Kijana alikuwa kwenye fotokopi. Dirisha lilitokea, hakuna aliyeligusa, mashine ikalala. Leo asubuhi nimeiwasha mbele yake. Ukurasa wa 43, neno "uchu" limekatika katikati, na kile kistari kinapepesa mbele yake. Akakaa, akaandika "mi", akaendelea.

Swali moja la mwisho: Jumapili hatufungui. Ratiba ikikuta mashine imezimwa, si itangoja ziwashwe Jumatatu ndipo zilale?

---

NyotaBukavu (Bukavu)

Inategemea ile alama ya kusema kazi iliyokosa saa yake ianze mara mashine ikiwashwa. Iko upande wa Paramètres. Ukiiacha wazi bila alama, ya Jumapili imepita, imepita. Angalia kwenye zote nne, la sivyo Jumatatu asubuhi utafungua duka na dirisha la dakika kumi litakusalimia kabla ya mteja.